Samaki wa Ziwa Tanganyika sebuleni Tabora

Wanaoanza kupenda samaki wa mapambo huwa wameshaona picha ya diskasi: samaki wa duara, mwembamba, mwenye rangi ya chungwa au samawati, anayekwenda polepole ndani ya tangi lenye mwanga. Asili yake ni mto Amazon na vijito vyake. Ni ndugu wa perege na sato, maana wote ni wa familia ya Cichlidae, na uzuri wake hauna ubishi. Lakini mtu wa Tabora, Urambo au Kaliua ana samaki wengine wa ukoo huohuo mwisho wa reli yake mwenyewe. Kutoka Tabora mjini hadi Kigoma ni kilomita kama 400. Ziwa Tanganyika lina spishi zaidi ya 200 za familia hii, na karibu zote hazipatikani popote pengine duniani. Wafugaji wa Ujerumani, Japani na Marekani huwaagiza kwa ndege. Sisi tunaopitiwa na treni ya Kigoma mlangoni hatuwafugi, na hilo linaniuma.

Diskasi atakusumbua Tabora kwa sababu ya joto kuliko kitu kingine chochote. Anataka maji ya nyuzi 28 hadi 30 usiku na mchana, mwaka mzima. Usiku wa Juni na Julai mji wetu hushuka hadi nyuzi 15, na umeme ukikatika saa nane za usiku hita inalala. Samaki wa Tanganyika wamezoea nyuzi 24 hadi 27. Wakipoa kidogo usiku mmoja wanavumilia, na kukipambazuka unawakuta wanadai chakula. Jambo moja tu linampendelea diskasi hapa kwetu, nalo ni maji yenyewe. Kwa hiyo tuanzie hapo.

Maji kwanza, samaki baadaye

Mwaka 1858 wasafiri Waingereza Burton na Speke walirudi kutoka Ujiji hadi Kazeh, ndiyo Tabora ya leo. Katika mizigo ya wapagazi yalikuwamo magamba ya konokono na makombe ambayo Speke aliyaokota Ziwa Tanganyika. Mwaka uliofuata mtaalamu wa London, S. P. Woodward, aliyachapisha na kuyapa majina. Konokono mmoja wa kundi hilo bado anaitwa Spekia zonata, na kombe moja lina jina la Burton. Julai ya mwaka huohuo wa 1858 Speke alimwacha Burton Kazeh akashika njia ya kaskazini, na tarehe 3 Agosti akaliona Ziwa Victoria.

Nayasema haya kwa sababu maziwa yale mawili sasa yanakutana kwenye ndoo yako. Mji ulikuwa ukitegemea bwawa la Igombe. Miaka ya karibuni bomba la Ziwa Victoria limefika Tabora kupitia Nzega. Maji ya Victoria ni laini, yana madini machache sana. Maji ya Tanganyika ni magumu: yamejaa magnesi na bikabonati, na pH yake ni kati ya 8.6 na 9.2. Ukimtoa samaki Kigoma ukamtumbukiza moja kwa moja kwenye maji ya bomba la Tabora, hatakufa siku hiyo. Atabana mapezi, atajificha, ataacha kula, na wiki chache baadaye utamlaumu muuzaji.

Dawa yake ni rahisi na inapatikana mjini. Kwa kila ndoo ya lita 20 tia vijiko viwili vya chai vya chumvi ya haluli, ile ya kuharishia inayouzwa famasi, na kijiko kimoja cha chai cha soda ya kuokea. Haluli inaleta magnesi. Kwa kipimo hicho unapata takriban miligramu 50 kwa lita, karibu sawa na ziwani. Soda inaleta bikabonati na kuishikilia pH isiyumbe, nayo itakaa juu kidogo ya 8. Kisha weka vipande vichache vya mawe ya chokaa au matumbawe ndani ya tangi viongezee taratibu. Usihangaike kuifikisha 9. Samaki hawa wanaishi vizuri kwenye 8.3 isiyobadilika, na wanateseka kwenye 9 inayopanda na kushuka.

Usitumie magadi ya maharage badala ya soda ya kuokea. Magadi ni makali, hupandisha pH kwa kishindo, kila bonge lina nguvu yake, na yana floridi nyingi. Wala usidhani chumvi ya mezani itafanya kazi ya haluli. Ziwa Tanganyika si bahari. Ugumu wake hautokani na chumvi ya kula.

Maji ya bomba yana klorini. Yaache ndani ya ndoo wazi siku nzima huku kijiwe cha hewa kinabubujika, ndipo utie madini. Kama unatumia kisima, pima kabla ya kuongeza chochote, maana visima vya mtaa mmoja vinaweza kutofautiana sana. Maji ya mvua ni laini kabisa na ni safi kama paa ni safi, lakini yanahitaji kipimo kamili cha madini. Nunua vipimo vya matone vya pH, amonia na nitraiti hata kama itakulazimu kumwagiza mtu anayekwenda Dar es Salaam. Hicho ndicho kifaa nisichokubali mtu akikose.

Tangi na kuliivisha

Kwa anayeanza, sentimita 60 kwa 30 kwa 30 zinatosha: lita 54. Fundi wa vioo yeyote mzuri ataliunganisha kwa kioo cha milimita 6. Mweleze mambo mawili. Silikoni iwe ile isiyo na dawa ya kuua ukungu. Za bafuni na jikoni mara nyingi zina dawa hiyo, nayo ni sumu kwa samaki. Pia aache tangi likauke kwa wiki nzima hadi harufu ya siki iishe kabisa. Likijaa, pamoja na mchanga na mawe, litakaribia kilo 80, kwa hiyo meza ya chai haifai. Liweke kwenye meza ya mbao nzito au tofali, juu ya kipande cha godoro jembamba, mbali na dirisha la jua la mchana.

Chini weka mchanga laini wa mtoni, sentimita 5 au zaidi, uliooshwa mpaka maji yatoke meupe. Mawe ya itale yamejaa Tabora nzima na hayabadilishi maji, kwa hiyo ni ya bure na ni mazuri. Yaweke moja kwa moja juu ya kioo cha chini kabla ya mchanga, ili samaki wakichimba yasiporomoke. Magogo na majani makavu yaache. Hayo ni ya diskasi, hulainisha maji na kuyafanya yawe na asidi.

Kichujio cha sponji kinachoendeshwa na pampu ya hewa ni bei nafuu, na kwa tangi hili hakuna kinachokishinda. Tabora iko mita kama 1,200 juu ya usawa wa bahari, na maji ya moto hushika oksijeni kidogo, hivyo hewa isikatike.

Sasa inakuja subira. Samaki hutoa amonia. Bakteria wanaoota kwenye sponji na mchanga huigeuza kuwa nitraiti, kisha nitreti, ambayo haina ukali huo. Bakteria hao huchukua wiki 4 hadi 6 kuenea. Kwa samaki wengine ukiharakisha utabahatika. Kwa hawa hutabahatika, na sababu ni pH. Katika maji ya nyuzi 25 yenye pH 7, chini ya asilimia 1 ya amonia iko katika hali ya sumu kali. Kwenye pH 8 inafika kama asilimia 5. Kwenye pH 9 inapita theluthi. Uchafu uleule ambao perege wa bwawani asingeushtukia unamuunguza mashavu samaki wa Tanganyika. Kwa hiyo washa kichujio, tia kibano kidogo cha chakula kila siku kana kwamba samaki wamo, na pima. Amonia itapanda, itashuka. Nitraiti itapanda, itashuka. Zote mbili zikisoma sifuri siku kadhaa mfululizo, tangi limeiva. Kama una rafiki mwenye tangi lenye afya, kamulia sponji yake chafu ndani ya lako, na utapunguza muda huo sana.

Samaki gani

Wageni wa ziwa hili huvutiwa kwanza na frontosa (Cyphotilapia frontosa), mwenye nundu kichwani na mistari mipana myeusi. Anapita sentimita 30 na anataka lita 400 na zaidi. Tropheus ni warembo kupita kiasi: watoto wa Tropheus duboisi ni weusi wenye vidoa vyeupe, wakikua vidoa vinapotea na mkanda mweupe unatokea ubavuni. Lakini wanaishi kwa makundi, wanapigana, wanakula mwani wa mawe, na ukiwapa nyama nyingi matumbo yao yanavimba na wanakufa. Waache kwa sasa.

Anza na samaki wa magambani. Chini ya ziwa kuna maeneo mapana yaliyotandazwa magamba matupu ya konokono Neothauma, na samaki wadogo wameyafanya nyumba. Pwani ya Kigoma utawapata Lamprologus ocellatus na Neolamprologus brevis. Neolamprologus multifasciatus, ambaye ni miongoni mwa wadogo kabisa wa familia nzima, anatoka upande wa kusini. Dume la ocellatus lina sentimita 5 au 6, jike ni dogo zaidi. Tangi la lita 54 linatosha dume moja na majike mawili au matatu. Brevis mchukue kwa jozi. Dume na jike hulala ndani ya gamba moja.

Magamba usiyatoe ziwani. Yaliyoko huko yana wenyewe. Tumia magamba matupu ya konokono wa nchi kavu wanaotoka wakati wa masika, au agiza ya baharini kutoka Bagamoyo, ule mwisho mwingine wa njia ya misafara. Mdomo wa gamba uwe na upana wa sentimita 2 hadi 3. Simbi hazifai, kwa sababu mdomo wake ni ufa mwembamba. Chemsha magamba nusu saa, suuza, kisha weka mengi kuliko idadi ya samaki. Matatu kwa kila mmoja hupunguza ugomvi.

Halafu kaa mbele ya kioo utazame. Jike la ocellatus hulizunguka gamba mara kadhaa, huingia kinyumenyume, hutoka. Kisha hupiga kichwa mchangani chini ya gamba, hujaza mdomo, huutema mchanga pembeni, hurudi. Gamba linaanza kuzama upande mmoja. Akiona limetulia huligeukia kwa mkia na kulipulizia mchanga kwa mapigo ya nguvu, mpaka linafunikwa lote na kinabaki kitundu tu kimeelekea juu. Ukitia mkono kusogeza jiwe, samaki huyu mwenye urefu wa kidole atakuja kukuuma. Sijaona samaki mwingine anayekupa mengi hivyo ndani ya tangi dogo.

Kuwaleta

Mwambie muuzaji asiwalishe siku moja au mbili kabla ya safari. Kila samaki au wawili wawe kwenye mfuko wao, theluthi moja maji na theluthi mbili hewa, bora oksijeni, mfuko juu ya mfuko, ndani ya boksi la foam ili joto lisiyumbe. Misafara ilichukua wiki nyingi kati ya Kazeh na Ujiji: Burton na Speke waliondoka katikati ya Desemba 1857 wakaliona ziwa tarehe 13 Februari 1858. Kwa treni au basi samaki wako watafika ndani ya siku moja, na boksi lililofungwa vizuri litawatosha.

Wakifika, wengi hufungua mfuko na kumimina maji ya tangi tone kwa tone kwa saa mbili. Kwa safari ndefu hilo ni hatari. Ndani ya mfuko uliofungwa, pumzi ya samaki imeshusha pH, na amonia iliyojikusanya imetulia. Ukifungua, hewa mbaya inatoka, pH inapanda, na amonia ileile inageuka sumu mbele ya macho yako. Fanya hivi: elea mfuko uliofungwa juu ya tangi dakika 20 joto lilingane, fungua, ongeza kikombe cha maji ya tangi, subiri dakika chache, kisha mkamate samaki kwa wavu na umwingize. Maji ya mfuko yamwage nje. Zima taa mpaka kesho yake, na chakula mpe kesho yake.

Kila siku na kila wiki

Mpe chakula mara mbili kwa siku, kidogo kiasi cha kuisha ndani ya dakika mbili, na siku moja kwa wiki usimpe kitu. Samaki wa magambani hula vidudu vinavyopita majini, kwa hiyo chembe laini za dukani zinafaa, na viluwiluwi vya mbu wanavipenda mno. Ukivifuga ndani ya ndoo, vivune kila siku ya pili na ufunike ndoo kwa wavu. Hatuhitaji kuzalisha malaria kwa ajili ya samaki. Dagaa wakavu waliosagwa wana mafuta na mara nyingi chumvi, huchafua maji upesi. Siwashauri.

Kila wiki badilisha asilimia 20 ya maji kwa maji yaliyokwisha kutiwa madini na yenye joto lilelile. Usibadilishe nusu kwa mkupuo, hata kama umesoma kwamba wafugaji wa diskasi hufanya hivyo. Lakini maji yakipungua kwa kukauka tu, jazia maji matupu bila madini: mvuke umeondoka, madini yamebaki, na ukiongeza tena utayazidisha. Sponji ioshe ndani ya ndoo ya maji yaliyotoka kwenye tangi, kamwe si chini ya bomba, kwa sababu klorini itaua bakteria uliowasubiri wiki zote zile.

Hita iwe kazini kuanzia Mei hadi Agosti, ukiipima kwa kipimajoto, usiamini namba zilizoandikwa juu yake. Oktoba tatizo linageuka. Maji yakipita nyuzi 29, fungua mfuniko, elekeza feni juu ya maji, zima taa. Umeme ukikatika acha kulisha. Pampu ndogo ya betri ni fedha iliyotumika vizuri. Usipokuwa nayo, chota maji kwa jagi na kuyamimina kutoka juu kila baada ya nusu saa.

Samaki akijitenga, akitoa kinyesi cheupe kirefu na kukataa chakula, pima maji kabla ya kutafuta dawa. Mara nyingi kipimo kitakuonyesha kosa, na kubadilisha maji kidogo kidogo siku tatu mfululizo kutamponya bila kemikali yoyote. Kusipomponya, muone daktari wa mifugo. Usimimine vidonge vya binadamu kwa kukisia.

Wakizaliana hutaambiwa. Jike hutaga ndani kabisa ya gamba, dume humwaga mbegu akiwa mdomoni mwa gamba, na siku kama kumi baadaye vichwa vidogo vinaanza kuchungulia kwenye kitundu. Usiwatoe. Mama anawalinda vizuri kuliko wewe. Saga chakula kiwe unga na udondoshe karibu na gamba. Watoto wakifika sentimita moja na nusu na dume likaanza kuwafukuza, ndipo uwahamishe.

Kabla ya kununua

Kukamata na kuuza samaki hai wa mapambo ni biashara ya leseni chini ya Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 na kanuni zake. Muulize muuzaji leseni yake, na mwone afisa uvuvi wa wilaya kuhusu kibali cha kuwasafirisha. Usinunue samaki waliotolewa ndani ya maji ya Hifadhi ya Mahale. Ukipata waliozaliwa kwenye tangi la mtu, chukua hao kwanza: wamezoea maji ya madini ya ndoo, na ziwa halijapungukiwa.

Nikuombe la mwisho. Ukihama, ukichoka au wakizaliana kupita nafasi uliyonayo, usiwamwage Igombe wala mto wowote, na usiwarudishe ziwani pia, maana wanaweza kupeleka magonjwa, na jamii ya ghuba moja huchanganyika na ya ghuba nyingine na zote mbili zikapotea. Sangara alitiwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na samaki wadogo wengi wa ukoo huuhuu wakatoweka huko. Mpe mfugaji mwingine, au mrudishie aliyekuuzia.